Paa la Uwanja wa Barafu wa Larkin Falls

(Ukumbi wa chini wa kanisa la Wamethodisti, mji wa Larkin Falls, kaskazini mwa Ontario, Januari 1909, mchana. Mvua ya siku mbili imekatika asubuhi hii, na upepo wa kaskazini umeanza kuvuma. Mwenyekiti anapanda jukwaani, anakohoa, anakunywa maji, anakohoa tena.)

Mheshimiwa Mjumbe wa Ligi ya Kulipwa ya Hoki ya Barafu ya Kaskazini, Bwana Archibald Dunmore, uliyetuheshimu kwa kushuka kwenye treni na kukubali kuletwa moja kwa moja hapa bila kupitishwa popote. Mheshimiwa Meya, ambaye ameniomba niseme kwamba anaumwa koo. Mchungaji mwenye ukumbi. Padri mwenye waumini wengi zaidi. Meneja wa mgodi. Ndugu zetu wachezaji wa Brule, wapinzani wetu wa leo, ambao naona mmeshavaa viatu vyenu vya chuma vya kutelezea na mnaikwaruza sakafu ya Mchungaji. Wachezaji wetu saba, fahari ya wilaya. Mabibi na mabwana. Na mwisho, ingawa si kwa umuhimu, mimi mwenyewe, Erastus Pym, Mwenyekiti wa Klabu, Makamu wa Rais wa Ligi, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, Katibu wa Kamati Ndogo ya Paa, Mwamuzi wa Goli upande wa kaskazini, na mtengeneza majeneza pekee kati ya hapa na mto: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anapiga mluzi.)

Nimepewa dakika chache za kuufungua rasmi Uwanja wa Barafu wa Larkin Falls, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi, nitaanza na historia. (Miguno.) Mtakumbuka kwamba msimu uliopita, ambao ndio ulikuwa wa kwanza kwa ligi hii changa, timu yetu ilishika nafasi ya nne kati ya timu nne, matokeo ambayo Kamati yangu iliyafanyia tathmini ya kina na kubaini kwamba tulikuwa timu iliyoboreka kuliko zote kutoka chini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi kubwa ya kuboreka kama sisi. (Makofi kidogo.) Na wale wanaopenda kunikumbusha goli la Machi, lile la Brule, naomba walisamehe leo. Ni kweli nilikuwa nimesimama nyuma ya goli nikiwa na kengele ya mwamuzi mkononi. Ni kweli kile kisahani cha mpira tunachokipiga kwa magongo kilitoka nje kabisa kikanipiga kwenye muundi. Mtu akipigwa muundini hurusha mikono, na mkono wenye kengele ukirushwa, kengele hulia, na kengele ikilia, kwa mujibu wa kanuni, ni goli. (Wachezaji wa Brule wanapiga magongo sakafuni kwa furaha.) Asanteni. Naona mnalikumbuka.

(Mlango wa nyuma unafunguliwa. Anaingia Urho Lahtela, Mfini mwenye ndevu zilizoganda, aliyeajiriwa na klabu kumwagia maji kiwanja nyuma ya kiwanda cha mbao ili yagande. Anamwangalia Mwenyekiti, anatikisa kichwa. "Bado, mzee. Kisigino kinazama." Anatoka.)

Huyo ni mtaalamu wetu wa masuala ya usawa wa ugumu wa maji, Mheshimiwa Mjumbe, ametuletea ripoti ya awali, na ripoti hiyo inanipa moyo wa kuendelea kwa undani zaidi. (Kicheko upande wa kushoto. Bwana Dunmore anatoa saa mfukoni.)

Nikienda kwenye mpango mkakati. Mradi huu wa uwanja ulipitia upembuzi yakinifu, ukapitia upembuzi wa upembuzi, ukajadiliwa na wadau, ukarudishwa kwa wadau, na hatimaye Agosti tukaweka jiwe la msingi mbele ya umati ambao mimi binafsi niliuhesabu kuwa mkubwa. Siku ile, ili wageni waheshimiwa wasikanyage matope, Kamati ilitumia sehemu ya mbao za paa kujengea jukwaa la sherehe, na sehemu nyingine kuzungushia uzio jukwaa lile, na sehemu iliyobaki kutengenezea upinde wa maua ambao mimi nilipita chini yake mara mbili kwa ajili ya mpiga picha. Kwa hiyo mtu akiuliza mbao za paa zimekwenda wapi, jibu ni kwamba zilitumika kwa shughuli za paa. (Makofi, vicheko.) Jiwe lenyewe lipo. Liko chini ya theluji, mahali fulani kati ya kiwanda cha mbao na zizi la MacIsaac, na wakati wa masika litajitokeza lenyewe.

(Bibi Délima Charlebois, mama wa golikipa, kutoka mstari wa mbele, akiwa na sufuria ya supu ya njegere magotini: "Bwana Pym, sema unachotaka kusema. Supu ya watoto inapoa.")

Nakushukuru, Bibi Charlebois, kwa mchango huo mtambuka. Suala la supu litaingizwa katika awamu ya pili.

Sasa, wenzangu, baadhi yenu mnaweza kujiuliza kwa nini paa. Tumecheza hoki chini ya anga tangu babu zetu, theluji ikidondoka tunafagia, mvua ikinyesha tunaenda nyumbani. Jibu ni Kifungu cha Kumi na Moja, na bila kujisifu, kifungu hicho nimekitunga mimi. Katika mkutano mkuu wa msimu wa kwanza nilisimama nikasema kwamba ligi ya watu wanaolipwa haiwezi kuchezwa kama watoto wanaotoroka shule, kwa hiyo kila klabu iwe na uwanja wenye paa ifikapo msimu wa pili, na klabu itakayoshindwa ifutwe, isipokuwa kama mwenyekiti wake ataachia vyeo vyake vyote hapo hapo, hadharani, kwa hiari yake, hapo klabu itasamehewa mwaka mmoja. Hicho kipande cha mwenyekiti nilikiongeza kwa mapenzi makubwa kwa ajili ya rafiki yangu Bwana Cyrus Hatch, mwenyekiti wa Brule, ambaye wakati ule alikuwa akichezesha timu yake kwenye bwawa la bata, na ambaye nilitamani sana kumwona akisimama mbele za watu na kubaki bila cheo. (Kicheko kikubwa.) Bwana Hatch alirudi kwao, hakuunda kamati hata moja, na kufika Novemba alikuwa na paa.

(Nahodha wa Brule: "Halivuji hata tone, mzee!" Wachezaji wake wanacheka.)

Nimesikia. Hongereni.

(Lahtela anaingia tena, anapuliza vidole. "Juu imeshika. Chini bado maji. Endelea kuongea." Anatoka. Bwana Dunmore anasimama: "Bwana Pym, kuna kitu sielewi. Mechi hii isipochezwa kabla ya giza, inahesabiwa mmeipoteza, na mlishapoteza ya Krismasi hivyo hivyo kwa kukosa barafu. Ya pili mnafutwa. Mimi nilidhani tunafungua uwanja. Huo uwanja uko mbali?")

Hauko mbali, Mheshimiwa. Tafadhali keti. Kiti hicho ulichokikalia ni sehemu ya uwanja. Ni kiti cha jukwaa kuu, safu ya waheshimiwa. Vyote mnavyovikalia humu ni viti vya uwanja, vimetoka kwangu, na ndiyo maana ni vyeusi na vina mishikio ya shaba, kwa sababu siku za kawaida hukaliwa na wafiwa. Nitazungumzia sasa takwimu. Utekelezaji wa mradi umefikia asilimia tisini na tatu upande wa mipango, asilimia themanini upande wa matarajio, asilimia mia moja upande wa viti, na upande wa vitu vingine tunaendelea na mchakato. Idadi ya watu walioahidi kusaidia imeongezeka mara tatu tangu tulipoacha kuwaomba. Mafanikio haya si yangu peke yangu, ingawa nikijaribu kukumbuka mwingine jina lake halinijii…

(Bibi Charlebois anaiweka sufuria chini na kusimama. "Bwana Pym, mimi paa silitaki. Sijawahi kulitaka. Onésime wangu anadaka kwenye goli, na kwa kudaka anakula na sisi tunakula. Mkifutwa leo, Jumatatu anarudi shimoni kuchimba, kule kule alikobaki baba yake. Niambie hilo tu. Jumatatu anashuka au hashuki?" Golikipa, kijana mkubwa mwenye pua iliyovunjika, anasema bila kuinua kichwa: "Mama, keti. Watu wanatuangalia." "Waache waangalie.")

Bibi Charlebois. (Mwenyekiti anakunja karatasi ya hotuba.) Jeneza la mume wako nilitengeneza mimi, la mwaloni, na mfuniko niliupiga msasa usiku kucha kwa sababu ndani yake hapakuwa na mengi ya kuweka na nilitaka angalau nje pawe pazuri. Sitaki kazi nyingine kutoka nyumba yako. Nikisema kweli, naiogopa. Nimeongea mchana huu mpaka ulimi umekauka, na kila aliyezaliwa mji huu anajua kwa nini, na nawashukuru kwa kupiga makofi mahali pasipostahili makofi. Mliobaki bila kupiga, nawaelewa pia.

(Mlango unafunguka kwa kishindo. Lahtela: "Imeshika. Nimepitisha farasi juu yake." Watu wanaanza kunyanyuka.)

Ketini kidogo, hotuba rasmi haimalizwi na farasi. Ninahitimisha. Semeni pamoja nami: Larkin Falls! (Umati: "Juu!") Barafu ngumu! (Umati: "Mioyo laini!" Mtu nyuma: "Na vichwa vigumu!") Brule! (Wachezaji wa Brule: "Paa!") Hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini litaingizwa kwenye kumbukumbu.

Na sasa shukrani. Namshukuru Bwana Lahtela, ambaye ameijenga kwa ndoo na mkokoteni wa theluji sehemu pekee ya uwanja huu iliyowahi kujengwa, yaani sakafu yake. Nawashukuru Brule kwa kukaa na viatu vya chuma miguuni muda wote huu bila kudai ushindi wa bure, ingawa mliuona wazi kabisa. Namshukuru Mchungaji kwa kutuazima paa lake, kwa sababu hili lililo juu ya vichwa vyenu, Mheshimiwa Dunmore, ndilo paa pekee ambalo Kamati Ndogo ya Paa imewahi kukutana chini yake. Uwanja wa Barafu wa Larkin Falls haupo. Hakuna kuta, hakuna paa, hakuna mlango wa waheshimiwa. Kuna jiwe moja, na silijui lilipo.

(Bwana Dunmore: "Basi Bwana Pym, unajua Kifungu cha Kumi na Moja kinanitaka nifanye nini." Anasema kwa upole. Bibi Charlebois bado amesimama.)

Nakijua kwa moyo, Mheshimiwa. Nimekwambia nilikitunga mimi. Basi hapa hapa, hadharani na kwa hiari yangu, naachia uenyekiti wa klabu, naachia umakamu wa rais, Kamati ya Ujenzi, Kamati Ndogo, na kengele ya goli, ambayo naomba apewe mtu mwenye miundi migumu. Andika hivyo, na andika kwamba klabu imebaki mpaka mwakani. Onésime, vaa viatu vyako, Jumatatu una mazoezi. (Hakuna anayepiga makofi. Bibi Charlebois anaketi, anaichukua sufuria yake.)

Mabibi na mabwana, kila mmoja abebe kiti chake atoke nacho, huko nje hakuna pa kukaa, na mkimaliza naviomba virudi dukani. Asanteni kwa kunisikiliza. Ni mimi, Erastus Pym, mtengeneza majeneza.