Dalali Aliyeniibia Kisingizio

Kwa Shemeji Bwana Silvanus,
Wundanyi.

Shemeji, pokea salamu nyingi, na uniwie radhi kwa ukali unaofuata. Ninakushtaki kwako mwenyewe, kwa sababu wewe ndiwe uliyeniletea Bwana Mbuvi, dalali wa kunitafutia nyumba hapa Voi. Ujira wake tulipatana mbuzi dume. Simpi, na sababu ni hizi:

1. Nyumba nilikuwa nimeshaipata, Kaloleni: chumba kimoja, bati jipya, rangi ya samawati. Mbuvi hakufika hata mlangoni. Alizunguka nyuma kuwauliza wanawake wa bombani, wakamwambia kila masika mto huamkia chini ya kitanda. Nami nilikuwa nimeisifu nyumba hiyo mbele ya mwenyewe! Aibu yangu atailipa nani?

2. Aliniuliza nani atapika, nikamjibu ni mimi. Akalitazama shati langu lililobaki kifungo kimoja, akapanda basi mpaka huko kwenu kumwuliza dada yako, mke wangu Wakio, anataka nyumba gani. Mimi mnunuzi sikuulizwa. Wakio akataka vyumba vitatu, jiko la nje, na dirisha la kutazama milima ya kwao.

3. Hili ndilo lililonichoma. Nyumba hiyo Mbuvi akaipata. Bei ilikuwa ya kunishinda, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini Mbuvi akaketi kimya kwa muuzaji, akanywa chai birika zima, akaomba jingine, mpaka yule bwana akashusha bei mwenyewe ili aachwe apumzike. Zikabaki hata pesa za kitanda kipana. Dalali gani huyu, shemeji, anayemwibia mtu kisingizio chake cha kukosa nyumba ya kumweka mkewe? Miaka sita nilikuwa kapera mwenye mke, nikicheza drafti na wenzangu nitakavyo. Wakio amehamia na vyungu, kuku na amri zake, na wenzangu sasa wanavuliwa viatu mlangoni.

Kwa hiyo Mbuvi umlipe wewe. Na kwa kuwa Wakio yuko kwenu wiki hii akivuna maharagwe, mzuieni hukohuko. Mahari sidai, bakini nayo.

Nisalimie mama mkwe kwa heshima zote, watoto, na yule mbwa aliyenirarua suruali.

Ni mimi shemeji yako mwenye uchungu,
Crispus Mwadime, karani.

Nyongeza: Mpandisheni basi la kesho asubuhi, tafadhali. Drafti nimecheza, wenzangu wamekwenda zao, na vyumba vitatu ni vingi mno kwa mtu mmoja. Mbuzi wa Mbuvi nimeshamfunga chini ya lile dirisha. Barua hii Wakio asiione.