Pampu ya Farasi Kumi

Gondai hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na duka, hakuwa na spana yake mwenyewe, hakuwa na baba mwenye zizi, na tangu darasa la sita hakuwa na haya. Lakini kilichomkosesha usingizi ni mahari. Jumamosi mshenga wake alitakiwa kwenda Hwedza, kwa Mzee Chirume mwenye kinu cha kusaga, kumposa bintiye Ruvarashe, na mshenga haendi mikono mitupu.

Mali yake yote ilikuwa nyuma ya pikapu ya kuazima, chini ya turubai. Upande mmoja ilikaa pampu ya juu ya ardhi, kubwa kama ndama, iliyoungua zamani, ikapakwa rangi ya buluu na kuandikwa kwa brashi "FARASI KUMI". Upande wa pili ililala pampu nyembamba ya kuzamisha kisimani, nzima kabisa, aliyoipata mjini Ruwa kwa njia ambazo heshima ya msomaji hairuhusu kuzieleza. Hiyo nyembamba ilikuwa na mnunuzi wake Harare, siku ya Ijumaa. Ile ya buluu ilikuwa bado inatafuta mjinga.

Jumatano, kati ya makreti ya nyanya katika soko la Marondera, alisikia wachuuzi wakisema mambo mawili. Kwanza, pampu ya Mama Mativenga imeungua, na vitalu nyumba vyake vitatu vya nyanya havitavuka siku tatu bila maji. Pili, mama huyo mjane alizaliwa katika ukoo wa Ndovu. Gondai, ambaye kwao ni Simba tangu babu wa babu, alipanda gari akiwa Simba na kushuka akiwa Ndovu.

Alichuchumaa mlangoni kwa mama huyo, akapiga makofi ya taratibu kama mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, shangazi! Mimi Gondai, Ndovu mwenzio. Damu imenivuta hadi hapa."

"Damu? Nilidhani ni pampu yangu iliyoungua."

"Vyote viwili, shangazi."

"Ndovu wa wapi?"

"Wa kule mlimani."

"Ndovu akipanda mlima ujue ana shida," alisema mama, akamwagizia kikombe cha togwa. "Haya, sema, mtoto wa kaka."

Gondai alisema. Alisema juu ya mvuke, juu ya mizizi, juu ya Wajerumani. Mwisho akafika penyewe: "Jirani yako Mutizwa ana pampu ya nguvu za farasi watano. Wewe nimekuletea kumi."

Macho ya mama yakameta. "Kumi! Mutizwa hatalala."

"Dola mia sita tu. Mgeni ningemtoza elfu."

"Lakini maji yangu yako mita ishirini na nane chini. Nimeyapima kwa kamba na jiwe. Na kisima kinatoa ndoo sabini na tano za lita ishirini kwa saa, hakizidishi hata moja."

"Shangazi, farasi kumi hawaulizi kina. Wanavuta tu."

"Sawa. Na haraka yote hii ya nini? Hujamaliza hata togwa."

"Jumamosi mshenga wangu yuko Hwedza, kwa Mzee Chirume, mwenye kinu. Namwoa Ruvarashe, shangazi!"

Tazama jinsi mwanadamu alivyo. Tangu asubuhi alikuwa amesema uongo bila kujikwaa hata mara moja. Ukweli mmoja tu ndio uliomponyoka.

Mama Mativenga akaweka kikombe chini. "Chirume wa Hwedza ni Ndovu."

Gondai alijua. Miezi sita alikuwa akimsifu Ruvarashe kwa jina hilo hilo la ukoo.

"Unataka kumwoa dada yako, mtoto wa kaka?"

"Shangazi, huko mbali sana..."

"Ndovu ni Ndovu. Na kuzuia aibu ni kazi ya shangazi." Alivaa miwani, akachukua karatasi, akaandika huku akitamka: "Kaka Chirume. Kijana Gondai amekiri mbele yangu kuwa ni Ndovu. Mshenga wake akija, mfungulieni mbwa." Akainua kichwa. "Basi la Hwedza linapita saa tisa."

Gondai akapiga magoti.

"Mama, mimi... mimi ni Simba."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Ulipoingia hapa ulikuwa na mkonga. Sasa umeota sharubu?"

"Nilikosea, mama. Nisamehe."

Mama akaichana barua, vipande vinne, kwa utulivu wa hakimu. "Nimefurahi. Kama ungekuwa Ndovu, ningekukosesha mke. Kwa kuwa ni Simba, unaoa kwetu. Mimi ni shangazi wa bibi harusi, nawe ni mkwe wetu. Niambie, mkwe huuza pampu ukweni?"

"Hapana, mama," alinong'ona. "Huifunga."

"Bure?"

"Bure."

"Vua shati, ufungue turubai."

Mama aliipita ile ya buluu bila kuitazama. "Pampu ya juu hainyonyi maji yaliyo chini ya mita saba au nane, hata uifungie farasi mia. Na kama ingeweza, ingekikausha kisima kabla ya chai." Akainama juu ya ile nyembamba, akasoma kibati chake. "Kuinua mita hamsini, lita elfu moja na mia nne kwa saa. Hii kisima changu kitaiweza. Ahsante, mkwe."

"Hiyo nimemwahidi mtu wa Harare!"

"Wino upo. Naweza kuanza upya."

Gondai alishusha bomba baada ya bomba, mgongo wazi, wafanyakazi wakimhimiza, "Vuta, mkwe! Ruvarashe anakuona!" Saa nane na nusu maji yalipanda tangini, na mipira ya matone ikaanza kulowesha mashina ya nyanya.

Mama alikuwa ameandika barua ya pili. Akamsomea.

"Kaka Chirume. Nimemwona mchumba wa Ruvarashe. Ni Simba halisi, amekiri bila kupigwa. Mikono yake inajua kazi. Ulimi wake uchungwe. Pampu aliyonifungia ni heshima kwa shangazi, isihesabiwe katika mahari. Ongezeni ng'ombe wawili. Mwenye akili hii hakosi pa kuwapata."

"Wawili, mama!"

"Ukibisha, watatu."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akampa. Honi ikalia barabarani.

"Kimbia, mkwe."

Gondai akakimbia kifua wazi, akamkabidhi kondakta barua kwa mikono miwili, na alipoulizwa nani analipia bahasha, akatoa dola yake ya mwisho.