Bweni Linalosinzia

Jumatatu, 3 Machi

Nimepigwa na butwaa. Bweni bora la muhula ni la jirani! Mimi, matroni kwa miaka kumi na moja sasa, nimeshindwa na yule mwanamke anayeburuza kandambili! Mkuu wa shule kamkabidhi saa ya ukutani mbele ya watu. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Lakini nina mpango. Wasichana wake huamka saa kumi na moja alfajiri. Wangu wataamka saa kumi. Watapiga deki na kudurusu saa nzima kabla jirani hajajinyoosha. Akili hii sijui nimeitoa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Saa kumi kamili nimegonga sufuria kwa mwiko. Wasichana thelathini na tisa kati ya arobaini wameruka kama waliomwagiwa maji. Sakafu inang'aa! Jirani kachungulia dirishani, nikamsalimu kwa upole wa mshindi.

Mmoja tu kanitia doa. Tunamwita Kicheko, maana mwaka jana alikuwa akicheka hata akisoma ratiba. Siku hizi hacheki. Nimemkuta kitandani, kiatu kimoja mguuni, anaukodolea macho ukuta. Nikamwambia aache uvivu. Akasema sawa, matroni. Basi! Hata kunibishia hakunibishia. Zamani angebisha mpaka nicheke mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Mwalimu wa hisabati kaja na orodha. Saba wa bweni langu wamesinzia darasani. Wa jirani, hakuna. Mmoja wangu kasinzia amesimama ubaoni, chaki mkononi!

Kuwaamsha saa kumi si kosa. Kosa ni lao, wanachelewa kulala. Kesho natangaza mashindano: pointi kwa watakaowahi kulala. Nitapita na tochi kuhakikisha.

Jumanne, 11 Machi

Taa zimezimwa saa nne na nusu. Dakika mbili baadaye, kimya! Nikapita katikati ya vitanda kwa madaha. Kisha wasiwasi ukaniingia. Nikasema kwa sauti kwamba mtu aliyelala kwelikweli huinua mguu mmoja.

Miguu thelathini na tisa ikapanda juu. Mungu wangu!

Mguu wa arobaini ulikuwa wa Kicheko. Haukuinuka. Nikafurahi, angalau nina mmoja anayelala. Nikammulika. Macho wazi, yanatazama dari. Mto umelowa chapachapa.

Nikazima tochi. Nikamnong'oneza: lala, mwanangu.

"Nimesahau namna ya kulala, matroni," akasema.

Nikaenda kumletea mto wangu mkavu. Mimi!

Alhamisi, 13 Machi

Jana nimempeleka kwa muuguzi wa shule. Wamezungumza saa nzima, mlango umefungwa. Nimetega sikio, nikaambulia kikohozi. Leo Kicheko kakubali niambiwe.

Wazazi wake walitengana likizo iliyopita. Tangu hapo hapati usingizi mpaka karibu saa tisa usiku, na saa kumi mimi namgongea sufuria. Hana hamu ya chakula. Hataki marafiki. Haoni maana ya kuamka. Muuguzi anasema hiyo ni sonona.

Sonona! Mtoto wa miaka kumi na tano! Mimi nilidhani ni ya watu wazima wenye kodi na mawifi. Muuguzi kasema hapana. Kukosa usingizi kunamzidishia huzuni, na huzuni inamfukuzia usingizi. Tena umri wao unahitaji angalau saa nane za usingizi. Nikahesabu wangu kwa vidole, saa nne na nusu mpaka saa kumi. Mkono wa pili ukapata nusu kidole tu.

Nikamwomba Kicheko radhi kwa kumwita mvivu. Akalia. Nami nikalia, nikasingizia dawa ya kusafishia sakafu. Mama yake anakuja kesho kumpeleka kwa mshauri nasaha.

Jumatatu, 31 Machi

Kicheko karudi! Anaonana na mshauri kila wiki, na sasa analala, ingawa si kila siku. Muuguzi kanionya kwamba kupona ni polepole, nisimharakishe. Ila leo mchana kakitazama kilemba changu, akasema kinafanana na godoro lililokunjwa, akacheka. Sijawahi kufurahia kutukanwa kiasi hiki.

Bweni zima sasa tunazima taa saa nne na kuamka saa kumi na mbili. Darasani hakuna anayesinzia. Muuguzi anataka taarifa kutoka kila bweni: ni wangapi wanalala vizuri? Namjua jirani, ataandika makadirio. Mimi nataka ukweli mtupu. Nimechapa fomu arobaini, maswali ishirini kila moja. Kuanzia usiku wa leo, saa nane, nitawaamsha mmoja mmoja wajaze, wakiwa bado wanakumbuka usingizi ulivyokuwa mtamu.