Deki Yangu Haijawahi Kula Kaseti

Jumatano, 5 Juni

Nimetoa deki ya video kabatini. Vumbi lake ungepanda maharage yakaota! Sababu ni mama mkwe. Jumatatu anahamia kwa kifungua mimba wake, mbali huko, na anataka kwanza amwone marehemu baba mkwe akicheza kwenye harusi yetu. Mara moja tu. Kaseti ni hiyo hiyo moja duniani. Deki nzima mtaani ni moja. Mwenyewe nani? Mimi! Mkwe wa kupigiwa mfano.

Mke wangu ameuliza kama nina uhakika. Nimemwambia deki yangu haijawahi kula kaseti. Akanikumbusha ile ya ubatizo. Nikamjibu ile ilijitakia.

Alhamisi, 6 Juni

Adui kajitokeza. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi simu. Mtaa wote unamwita Flashi. Anasema nimpe kaseti aihamishie kwenye simu, mama awe anamtazama mzee kila siku. Kaniita “shem wangu” kwa ile sauti ya kumhurumia mgonjwa.

Nimekataa! Mzee mwenye heshima zake acheze kwenye kioo cha kiganja, kati ya tangazo na tangazo? Sisi tulitazama kwa adabu. Watoto sakafuni, wazee kwenye makochi, waliochelewa dirishani. Aliyekwisha kuiona filamu aliapishwa anyamaze, na bado alitutajia nani atakufa. Ukicheka, ukuta mzima unacheka nawe. Siku hizi mtu anacheka peke yake kitandani kama kapandisha pepo.

Usiache mbachao kwa msala upitao!

Ijumaa, 7 Juni

Nimealika mtaa mzima. Mke wangu kauliza watakaa wapi. Nimemwambia dirisha lipo.

Nimesafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, kama daktari. Flashi kashauri niijaribu kwanza kwa kaseti nyingine. Wivu huo. Bingwa hafanyi majaribio.

Jumapili, 9 Juni

Mchana, nyumba imefurika. Chenga kidogo kiooni, kisha picha! Mimi hapo, mwembamba, suti imenikaa kama nimezaliwa nayo. Fundi cherehani, jirani yetu, akapiga kelele kwamba suti ile aliniazima yeye na suruali sijamrudishia. Mama mkwe akasogeza stuli mpaka magoti yakagusa televisheni.

Baba mkwe akatokea. Akafunga kifungo cha koti. Akainua mguu.

Krrrr!

Utepe ukatoka nje kama utumbo wa kuku. Mama mkwe akabaki anakitazama kioo cha buluu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti ambalo sikulivaa, nikainua mguu, nikasema aliendelea hivi. Fundi cherehani akabisha, mzee alianza na mabega! Flashi naye akasema wote hatujui kitu, akachukua kitambaa, akaizunguka meza akikipeperusha. Dirishani wakawa wanatuelekeza. Mwisho mama mkwe akainuka na mkongojo wake, akatuita waongo wakubwa, eti mzee alianza kwa kumkanyaga yeye. Akatuonyesha. Anacheka, machozi yanashuka, anacheza! Mcheza kwao hutunzwa. Mke wangu akamfunga kitambaa kichwani, vigelegele mpaka barabarani.

Hakuna aliyerekodi. Hata Flashi. Alikuwa anacheza.

Jumanne, 11 Juni

Mama mkwe amefika salama. Flashi aliunga utepe kwa kibanio na selotepu, akaihamisha harusi yote, akamtumia. Kijana ana mkono, nakubali. Kipande kidogo tu kimepotea, pale mguu unapoinuka.

Mama mkwe kapiga simu. Kashukuru sana, lakini anasema pale panapokatika anafumba macho na kutuona sisi. Kisha akaniambia nacheza kama kuku aliyekanyaga makaa. Nimefurahi siku nzima.

Jioni kaja mwalimu wa nyumba ya jirani, habari zimemfikia. Kaleta kaseti ya marehemu mama yake akiimba. Ndiyo pekee aliyonayo. Akauliza, kwa woga, kama deki ni salama.

Nimemtoa wasiwasi. Deki yangu haijawahi kula kaseti! Jumamosi mtaa mzima uko hapa. Flashi kashauri tena tuijaribu kwanza kwa kaseti nyingine.

Maskini. Wivu haujamwisha.