Mayai Dazeni Moja na Barua ya Tabia Njema

Jumatatu, 19 Mei
Siku tano tu! Ijumaa saa kumi jioni chuo kinafunga kupokea maombi ya shahada ya sheria. Vyeti tayari. Picha tayari. Insha ya kwa nini nataka kuwa wakili tayari, kurasa kumi na nne (waliomba mbili, shauri yao). Imebaki barua ya tabia njema kutoka serikali ya mtaa. Kazi ya dakika tano.

Nimekwenda. Kapitana Belinda, mwenyekiti wetu wa mtaa, kafungua daftari, kavua miwani. Kasema barua hakuna, nina shauri. Shauri! Aling Rosenda, jirani wa ukuta kwa ukuta, kanishtaki kwamba mama yake alipotimiza miaka themanini nilichomoa waya wa karaoke yeye Rosenda akiwa katikati ya wimbo. Kweli nilichomoa. Nilikuwa nasoma! Kapitana kasema niombe radhi, tupeane mikono, barua naondoka nayo papo hapo.

Mimi? Wakili mtarajiwa? Niombe radhi kabla ya kusikilizwa? Thubutu!

Mwaka juzi niliikosa nafasi kwa kubishana na mlinzi wa getini. Mwaka jana, na msimamizi wa mtihani, kuhusu swali la saba. Nina miaka thelathini na mmoja sasa. Mama alinishonea barong, shati letu la heshima, la kuvaa kwenye usaili tangu mara ile ya kwanza, na bado limo sandukuni na vidonge vyake vya kuulia nondo. Mara hii litatoka. Haki ya Mungu litatoka.

Jumanne, 20 Mei
Baraza la usuluhishi. Nimevaa tai. Nimeanza kwa Kilatini. Kapitana kanikata: hapa mawakili hawaruhusiwi, kila mtu aseme kwa mdomo wake. Nikamwambia mimi ni mlalamikiwa, na wakili wangu pia ni mimi. Kafikiri kidogo, kasema basi wakili atoke nje.

Nikatoka. Akaniita, kasema sasa mlalamikiwa ajieleze. Nikakataa kusema neno bila wakili wangu kuwepo. Hapo niliwaweza!

Shauri limeahirishwa hadi Alhamisi. Aling Rosenda kapiga kelele hadi mlangoni, eti mashine ya karaoke ilikuwa inaelekea kumpa alama tisini na tisa, na mimi nimeizika furaha ya mama yake. Binamu yangu Wilfredo naye anaomba chuo hichohicho. Barua yake kaipata jana, kwa salamu na tabasamu tu, hana hata hoja moja kichwani. Kanicheka mbele za watu. Kasema mimi nikipewa wali nitaushtaki kwa kuwa wa moto. Mjinga.

Jumatano, 21 Mei
Mkakati mpya. Nimebeba mayai dazeni hadi kwa watawa wa Mtakatifu Klara. Wengine huwapelekea mayai ili waombe mvua isinyeshe siku ya harusi. Mimi nimeandika ombi langu kwa mwandiko mzuri: sauti ya Aling Rosenda ikauke mpaka Alhamisi jioni, asiweze kutoa ushahidi.

Sista wa mlangoni kasoma. Kasoma tena. Kanirudishia mayai yote kumi na mawili. Kasema wao huwaombea watu, hawawaombei watu mabaya. Ubaguzi mtupu! Mayai nimeyatupia jikoni, nikalala na hasira.

Alhamisi, 22 Mei
Nimeingia barazani na jalada la kurasa arobaini. Nikamkuta Aling Rosenda kashika kijiko, anatabasamu. Kapitana naye kijiko. Mezani leche flan, ile pudini ya mayai na maziwa, inang'aa kwa sukari ya kuunguzwa.

Mayai yangu!

Mama kaamka alfajiri, kayapika, kampelekea jirani. Kamwambia mwanangu anajuta, ni aibu tu inamzuia kuja mwenyewe. Aling Rosenda kalia machozi, kasema kumbe mtoto ana moyo. Watu wakapiga makofi. Karatasi ikaletwa, nikatia sahihi huku makofi yakiendelea, nani angesoma? Barua nimepewa, na mhuri mbichi.

Usiku huu Mama kalitoa shati sandukuni. Kalinyoosha mara mbili. Nimeshinda shauri langu la kwanza!

Ijumaa, 23 Mei
Nimeyasoma yale makubaliano wakati wa kifungua kinywa. "Mlalamikiwa anakiri kosa." Kosa! Mimi!

Nimefungua kitabu cha sheria. Kumbe makubaliano unaweza kuyakana kwa kiapo ndani ya siku kumi, kama ulirubuniwa. Na flan ile ni nini kama si kurubuni? Wilfredo alikuwa nje na pikipiki, ananisubiri twende chuoni. Kanisihi, Teo, ndugu yangu, peleka fomu kwanza, siku kumi ni siku kumi, ukagombane kesho. Huyo ndiye anataka kuwa wakili! Nikamwambia atangulie.

Nikaapa mbele ya Kapitana. Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara tatu nikamjibu kwa sauti ya juu. Kapiga mhuri, shauri limefunguliwa upya. Kisha kanyoosha mkono, kachukua barua yangu ya tabia njema, kaifungia kwenye droo. Kasema mwenye shauri hapewi barua. Nilimpa hoja sita. Nilipofika ya sita ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

Wilfredo kapeleka fomu yake.

Mama hakugomba. Kalikunja shati polepole, kalirudisha sandukuni na vidonge vipya vya nondo. Kasema mwakani atalilegeza kidogo tumboni. Kisha kakaa kitandani, kanipa mgongo muda mrefu. Ana imani nami yule mama!

Ng'ambo ya ukuta Aling Rosenda anaimba. Aimbe. Yeye atasubiri. Kesho asubuhi na mapema namshtaki Mama kwanza, kwa kuniombea radhi bila idhini yangu.