Barua ya Kazi Niliyoifunga kwenye Kitambaa

Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima wa watu. Mnisamehe nikikosea herufi. (Nimerudia kusoma mara nne. Sidhani kama nimekosea.)

Mnajua ninachofanya hapa Kahama. Si ajira, hakuna aliyenituma. Wageni wanaoingia mjini hunifuata, nawatafutia vyumba, nawaandikia barua za kazi. Kuandika barua nimejifunza mwenyewe kwenye simu.

Mgeni wa safari hii ni Masanja, mfugaji kutoka Mhunze. Ukame ulimuulia ng'ombe, akaenda Segese kuchimba dhahabu. Mwezi uliopita shimo, duara kama wanavyoliita, lilititia akiwa ndani. Wenzake wakamfukua mzima. Akaapa harudi. Lakini jana aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kesho nisipopata kibarua, Jumapili nashuka tena." (Mimi si mwalimu. Ila sijawahi kumkatalia.)

Nilikuwa nimesikia mashine moja ya kukoboa mpunga inatafuta mbeba magunia. Mwenye mashine, Mzee Shija, Jumamosi hukaa nyumbani. Nikaandika barua. Nikaiandika upya mara sita. Bahasha ikawa na alama ya kidole changu. Alama ya kidole! Nikaitupa. Na njia ya kwenda kwa mzee ni vumbi tupu. Basi nikanunua kitambaa kipya cha mkono, cheupe, chenye maua pembeni, nikaifunga barua humo vizuri. Nikaazima koti.

Najua wengine mmeshashika vichwa. Mimi nilikuwa nawaza vumbi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu, ng'wanawane, karibu mwanangu."

Nikamnyooshea kile kitambaa kwa mikono miwili. Hakukipokea. Alikitazama, akanitazama mimi, akalitazama koti. Kisha akaita ndani, "Mama Milembe! Leta sinia! Na umwite shangazi!"

Nikajua nimefika kwa watu wanaoheshimu maombi ya kazi.

Kitambaa kikawekwa kwenye sinia, sinia juu ya meza. Wakaja shangazi na baba wadogo wawili kutoka nyumba ya pili. Nikaletewa kiti chenye mto. Nikajiambia, hili ni jopo. (Nilikuwa nimesoma kuhusu jopo.)

"Tumeisubiri tangu mavuno," alisema Mama Milembe, akifuta macho.

Nikashangaa kidogo. Mbeba magunia anasubiriwa tangu mavuno? Lakini mzee alishaanza kuuliza.

"Kwao wapi?"

"Mhunze, Mzee."

"Tuliambiwa Tinde," alisema baba mdogo mmoja.

"Mhunze," nikakazia. Usaili unataka kujiamini.

"Ng'ombe anao?"

"Walikufa na ukame. Wamebaki wanne."

"Wanne!" Mzee akashika kidevu.

"Mkweli huyu," shangazi akamtetea. "Wengine wangetutajia zizi zima. Anakunywa?"

"Hanywi, shangazi. Na gunia la kilo mia analibeba peke yake."

Shangazi akapiga kigelegele. Kigelegele, jamani! Na bado sikuelewa.

Hapo akatokea Milembe, binti wa mzee, amebeba soda. Ni mkubwa kunizidi kidogo. Gauni alilovaa lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Akapiga goti, akaniwekea chupa mezani bila kuniangalia.

"Ana umri gani?" mzee akaendelea.

"Arobaini na moja. Na niseme ukweli, mkewe ndiye aliyenihimiza nije leo. Wana watoto watano na wote wanaomba apate."

Mzee akaondoa mkono kidevuni.

"Mkewe," alisema mzee, polepole.

Nikatazama sinia. Kitambaa. Maua. Barua ndani. Mimi niliyekulia Ushirombo, niliyeona barua za posa zikiletwa hivyohivyo kwa dada zangu wawili, nimekaa kwenye kiti chenye mto kama mshenga.

"Ni ya kazi, Mzee," nikasema. "Ya kubeba magunia."

Baba mdogo mmoja akaangua kicheko, akatoka nje nacho. Shangazi akaniita majina ambayo siyaandiki. Mama Milembe alikuwa anamtazama mwanawe.

Nikaanza kuomba radhi. Milembe ndiye aliyefungua kitambaa. Akasoma barua yote, mistari yote niliyoirudia mara sita. Kumbe yeye ndiye msimamizi wa mashine, funguo zote anazo yeye.

"Hapa umeandika anapenda changamoto mpya," alisema. "Anapenda kweli?"

"Hapana, dada. Anaogopa. Shimo lilimfukia Segese. Asipopata hapa, kesho anashuka tena."

Akaikunja barua.

"Jumatatu, saa moja asubuhi," alisema. "Kesho asiende popote. Na aje yeye mwenyewe. Wewe usije."

Akanirudishia kitambaa, amekikunja vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Kisha akaingia ndani kuvua gauni.

Masanja nilipompa habari alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mkewe akauliza, "Kwani walikuuliza nini huko?" Nikamwambia maswali ya kawaida tu.

Bahasha zipo kila duka. Hata yenye alama ya kidole inatosha. Mkishindwa kujizuia, nichekeni mimi na koti langu la kuazima, ila dada wa watu mwacheni.