Saini ya Mbunge Bratvold

Jumatatu, 10 Agosti
Barua ya Mbunge Bratvold imefika. Picha ya rangi, kasimama kwenye daraja letu jipya, utadhani zege kamwaga mwenyewe. Lakini kilichonitoa macho ni bahasha. Kwenye kona hakuna stempu. Saini yake tu! Na barua imefika mpaka mlangoni.

Nimemwonyesha mke wangu, Marlys. Akasema mbona ni hivyo miaka yote ishirini na miwili aliyokaa bungeni, macho yangu yalikuwa wapi. Kumbe! Na mimi ninayegombea kumng'oa, tangu Aprili namwaga pesa kwenye vibao na stempu. Pesa zenyewe ni za paa. Marlys hajui. Mvua ya mawe ya Juni ilitoboa paa juu ya kitanda, upande wake, na nilimwahidi fundi kabla ya theluji.

Sasa nimepata dawa.

Alhamisi, 13 Agosti
Nimewaandikia nusu ya wapiga kura wa mji wetu, Torvik. Kila bahasha, kwenye kona, saini yangu: V. Haugstad. Kidole gumba kimevimba. Gharama ya stempu, sifuri! Kwa pesa za paa zilizobaki nimekodi bango kubwa mkabala na ofisi ya Bratvold. Anione kila akinywa kahawa.

Posta nimemkabidhi karani, Lavonne, masanduku matatu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika ninayo, bibie, tena ya kugawa.

Jumatatu, 17 Agosti
Barua zote zimerudi. Barazani hakupitiki. Lavonne kanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa: saini ile ni haki ya aliyekwisha kuwa mbunge. Bunge ndilo linalolipa. Nikishinda, nami nitaandika bila stempu.

Yaani ili nichaguliwe nahitaji barua, na ili nipate barua sharti niwe nimechaguliwa. Nilikaa kwenye ngazi za posta nikalitafakari fumbo hilo. Ni zuri mno. Halina mahali pa kuingilia. Aliyelibuni nilitaka kumvulia kofia, na kweli niliivua, mtu mmoja akatumbukiza senti humo.

Jioni mvua. Marlys kaweka bakuli la kuokea kitandani, chini ya tone, akauliza fundi anakuja lini. Nikakohoa. Akauliza tena. Nikasema yote. Kachukua mto wake, kahamia kwenye kochi. Naogopa.

Jumamosi, 29 Agosti
Hafla ya chapati za maji kituo cha zimamoto. Bratvold kavaa aproni, anazirusha hewani na kila moja inarudi kikaangoni. Gazeti linampiga picha bure. Mimi kutokea gazetini hulipia. Nilijaribu kurusha yangu, ikamwangukia mchungaji begani.

Bratvold akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikajua atanicheka kwa zile bahasha. Wapi! Kauliza goti la Marlys linaendeleaje. Kisha akasema, "Paa lenu, Verlyn, mafundi wanakuja Jumanne. Pesa za serikali za maafa ya mvua ya mawe zilikwama ofisi moja huko, vijana wangu wamezisukuma."

Kumbe Marlys alimwandikia. Mume mgombea, mke anamwandikia mpinzani! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

Akasema, "Nikwambie wewe ili ufanye nini, Verlyn? Paa ulitie saini?"

Jumatano, 4 Novemba
Nimeshindwa. Vibaya sana. Hata mtaa wetu.

Mwezi mzima televisheni ilionyesha tangazo lake: nyumba yetu, paa jipya linang'aa, na mimi juu ya ngazi nikicheka na fundi. Nililitazama kila lilipotokea. Tangazo safi. Mara mbili nilijikuta nataka kumpigia kura. Marlys alimpigia, kaniambia wazi wakati wa chai, akinipakia siagi kwenye mkate. Amerudi kulala chumbani. Kitanda kikavu.

Lakini nimechunguza, na kosa nimeliona. Miaka miwili mpaka uchaguzi ujao si mingi. Kuna akiba ya jiko la Marlys, na jiko la sasa bado linawaka upande mmoja. Nilichokosa ni ushauri tu. Nimemwandikia Bratvold mwenyewe anieleze jinsi ya kumshinda. Ofisi yake humjibu kila mtu.

Stempu sijabandika. Nimeweka saini, safari hii kubwa zaidi.